ELIMU SI MGAO
Mtoto mdogo na umiliki wa masomo yake



Katika makala hii napenda tufikiri pamoja juu ya swali ambalo wazazi wengi wamekuwa wakiliuliza tangu tableti zianze kuingia katika madarasa ya watoto wa wakimbizi. Wengine wanazifurahia, wengine wanaziogopa. Lakini nyuma ya furaha na hofu kuna swali moja kubwa zaidi: masomo ya mtoto ni mali ya nani? Je, ni mali ya serikali inayotunga mtaala? Ni mali ya shirika linaloleta vifaa? Ni mali ya mwalimu anayesimama mbele ya ubao, au ya mzazi anayemwamsha mtoto asubuhi na kumtafutia sare? Au ni mali ya mtoto mwenyewe, hata kama ana miaka sita tu na bado hajui kufunga vifungo vya shati lake?

Mtu anaweza kusema kwamba hilo ni swali la watu walioshiba. Sisi tunahitaji madawati, madaftari na walimu wanaolipwa. Ni kweli tunavihitaji. Hata hivyo naamini swali hili ni letu kuliko la watu wengine wengi, na nitajaribu kueleza kwa nini.

MALI INAYOVUKA MPAKA

Sisi tumejifunza kwa uchungu maana ya neno "mali". Tuliacha mashamba yenye mazao, nyumba, mifugo, na wengine waliacha hata vyeti vyao vya shule. Ndiyo maana mzazi mkimbizi humwambia mtoto wake: "Soma, mwanangu, kwa sababu elimu ndiyo mali ambayo adui hawezi kukunyang'anya."

Neno hilo ni kweli, lakini lina sharti lake. Elimu haiwezi kunyang'anywa ikiwa imekwisha kuwa ya mtoto. Kama bado ni ya mwalimu, iko ubaoni, na ubao ukifutwa imekwisha. Kama ni ya daftari, siku mvua itakapopita katika turubai itaondoka na wino. Kama ni ya tableti, iko katika sanduku la shirika, na ufunguo wa sanduku hauko mikononi mwetu.

Hapa ndipo linapokuja neno "mgao". Sisi sote tunaujua mgao. Kuna kadi, kuna mstari, kuna siku iliyotangazwa, na kuna mtu anayepima. Siulaumu mgao, kwa maana umetuweka hai. Lakini tumtazame mtoto aliyezaliwa hapa. Tangu afumbue macho ameona kwamba vitu vingi vya maana hushuka kutoka kwenye lori, hupimwa na mtu mwingine, na kazi ya baba na mama ni kusimama na kungoja. Mtoto huyo akiingia darasani anaingia na desturi hiyo. Anakaa, anangoja, anapokea, ananakili, kisha siku ya mtihani anarudisha alichopewa. Akiulizwa kwa nini tisa kuzidisha mbili ni kumi na nane, anajibu: "Mwalimu alisema."

Unga mtu anaweza kukupimia. Ufahamu hakuna anayeweza kukupimia. Kama vile hakuna mtu anayeweza kutafuna chakula kwa niaba yako, hakuna anayeweza kuelewa kwa niaba yako. Hatari ya vifaa vipya ni kwamba vinaweza kuja kama mgao mwingine tu: jana unga na maharagwe, leo tableti. Faida yake ni kwamba, vikitumiwa vizuri, vinaweza kumwondoa mtoto katika mstari wa kungoja na kumfanya mtendaji. Tuangalie jinsi hayo mawili yanavyotofautiana.

KIJANA ASIYEMILIKI HATA NAFSI YAKE

Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita mwanafalsafa Mgiriki, Plato, aliandika kitabu kiitwacho Meno. Ndani yake mwalimu wake Socrates anazungumza na tajiri mmoja, naye anamwita kijana mtumwa wa nyumba ya tajiri huyo. Kijana hakuwahi kufundishwa hesabu za maumbo. Kwa sheria ya nchi ile hakumiliki chochote, hata mwili wake ulikuwa mali ya bwana wake.

Socrates anamchorea mraba wenye futi mbili kila upande. Eneo lake ni futi nne. Anamwuliza: tukitaka mraba wenye eneo mara mbili, yaani futi nane, kila upande uwe na urefu gani? Kijana anajibu upesi: tuuzidishe upande mara mbili, uwe futi nne. Socrates hamwambii kwamba amekosea. Anauchora, nao wanahesabu pamoja. Eneo limekuwa kumi na sita, limezidi sana. Kijana anajaribu tena: basi uwe futi tatu. Wanahesabu, wanapata tisa. Bado si nane. Sasa kijana anakiri kwamba hajui. Ndipo Socrates anachora mstari unaokatiza mraba ule wa kwanza kutoka pembe hadi pembe, na kwa kuulizwa maswali kijana anatambua mwenyewe kwamba mraba uliojengwa juu ya mstari huo ndio wenye eneo la futi nane.

Plato alilichukua jambo hilo kama ushahidi kwamba roho ya mtu iliishi na kujua mambo kabla ya kuzaliwa. Sisi Wakristo hatufundishi hivyo. Lakini kuna jambo lingine pale ambalo halipingiki. Bwana wa kijana yule angeweza kumwuza kesho yake. Angeweza kumnyang'anya nguo. Lakini asingeweza kumwuza mtumwa na kubaki na ufahamu wake. Kijana asiyemiliki kitu alipata mali siku ile, na aliipata kwa sababu alikosea mara mbili, akaliona kosa kwa macho yake, akalisahihisha.

Tena tuone mambo mawili ambayo tutayahitaji huko mbele. La kwanza, palikuwa na kifaa: mchoro. Bila mchoro kijana asingeliona kosa lake. La pili, kijana hakuachwa peke yake. Mtu mzima alikaa naye mpaka mwisho.

KOSA LINALOJISEMEA

Tarehe 6 Januari 1907 daktari Mwitalia, Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto katika San Lorenzo, mtaa wa maskini katika mji wa Roma. Mama huyu baadaye aliionja njia yetu pia: aliondoka Italia mwaka 1934, mwaka 1936 akakimbia vita vya Hispania, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa India, asiweze kurudi Ulaya mpaka mwaka 1946.

Kati ya vifaa alivyowapa watoto wadogo kulikuwa na ubao mnene wenye matundu kumi, na vipande kumi vya mviringo vya kuingiza katika matundu hayo. Kila kipande kina ukubwa wake. Mtoto akikiweka chembamba katika tundu pana, mwanzoni hakuna tatizo. Lakini mwishoni anabaki na kipande kinene na tundu jembamba, navyo havikubaliani. Hakuna mtu aliyemwambia "umekosea". Ubao wenyewe umesema. Mtoto anavitoa vyote na kuanza upya, bila kulia na bila kumtazama mwalimu usoni.

Programu nzuri ya tableti kwa watoto wadogo imejengwa juu ya kanuni hiyohiyo. Mtoto anagusa herufi, anasikia sauti yake. Anaambiwa atafute silabi "ba" kati ya nne. Akigusa "da", inamjulisha kwamba siyo, naye anajaribu tena. Akishindwa mara nyingi anarudishwa katika somo la nyuma. Akiweza anasonga mbele, hata kama jirani yake bado yuko kwenye herufi ya pili. Haimwiti mjinga. Haimlinganishi na dada yake. Haina fimbo.

Wazazi wengine watasema: "Sisi tulisoma kwa fimbo, na tumesoma." Basi tumsikilize Augustino, mzaliwa wa Thagaste, mji ambao leo uko katika nchi ya Algeria. Alipokuwa askofu aliandika juu ya utoto wake katika kitabu chake cha Maungamo. Anakumbuka kwamba jambo aliloliomba kwa Mungu alipokuwa mtoto mdogo lilikuwa asipigwe shuleni. Anaeleza kwamba Kilatini alikipata bila mateso, katikati ya walezi waliomchekea na kucheza naye, lakini Kigiriki alichofundishwa kwa vitisho alikichukia. Mwisho anasema kwamba hamu ya kujua iliyo huru ina nguvu zaidi katika kujifunza lugha kuliko kulazimishwa kwa hofu. Huyu hakuwa mtu wa kudekeza watoto. Alikuwa mwalimu mkali wa imani, na alikufa mwaka 430 katika mji wa Hippo uliokuwa umezingirwa na maadui, huku watu waliokimbia vita wakiwa wamejificha ndani ya kuta zake.

Mtoto anayeogopa kukosea hawezi kumiliki masomo yake, kwa sababu muda wote anatafuta jibu usoni mwa mwalimu, si katika swali. Hiyo ndiyo haki ya kwanza ya mwenye mali: haki ya kukosea na kusahihisha.

YALIYOONEKANA TANGA

Je, mtoto mdogo anaweza kweli kujifunza hivyo, mahali pasipo na shule nzuri? Jirani zetu wa Tanzania wanatupa mfano ambao unatuhusu, kwa sababu ulifanyika kwa Kiswahili.

Kati ya mwaka 2014 na 2019 yalifanyika mashindano ya dunia yaitwayo Global Learning XPRIZE, yaliyotafuta programu ambayo mtoto angeweza kuitumia kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Majaribio yalifanyika katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa wa Tanga, kwa ushirikiano wa serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Watoto karibu 3,000 walipewa tableti. Asilimia 74 ya watoto hao walikuwa hawajawahi kwenda shule. Asilimia 80 hawakuwahi kusomewa kitabu nyumbani. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili.

Baada ya miezi 15, idadi ya watoto wasioweza kusoma hata neno moja ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 programu mbili zilitangazwa kuwa washindi wa pamoja. Moja ni ya onebillion ya Uingereza, ambayo kazi yake ilikuwa imetumika kwa watoto wa Malawi. Nyingine ni Kitkit School, ambayo mmoja wa waanzilishi wake ni mama wa Kikorea, Sooinn Lee. Mama huyu alianza kutengeneza programu za kujifunzia kwa sababu mtoto wake mwenyewe alizaliwa na ulemavu. Mtoto ambaye wengine wangemwekea mpaka ndiye aliyemfanya mama yake atafute njia, na njia hiyo ikafika mpaka vijijini Tanga. Programu zote tano zilizofika fainali ziliachwa wazi ili mtu yeyote azitumie bure.

Tuusome mfano huu kwa uaminifu. Watoto wa wakulima waliosahauliwa walijifunza kusoma kwa mikono yao wenyewe. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini kama wasiojua wamepungua kwa nusu, basi nusu nyingine bado hawakuweza. Tableti si muujiza. Tena watoto wale hawakuwa peke yao kabisa. Katika vijiji vile palikuwa na vituo vya sola vya kuchajia, na akina mama wa kijiji waliopewa jukumu la kuvitunza vifaa na kuwatia watoto moyo. Mama yule hakutakiwa kufundisha. Alitakiwa kuwapo.

PALE MTOTO ALIPOACHWA

Sasa tuangalie upande wa pili, kwa maana neno "umiliki" linaweza kutumiwa vibaya. Mtu mzima mvivu anaweza kusema: "Masomo ni yako, mwanangu, shauri yako." Huko si kumpa mtoto mali, ni kumtupa.

Mwaka 1999 msomi wa India, Sugata Mitra, aliweka kompyuta katika tundu la ukuta huko Kalkaji, mjini New Delhi, ikitazama upande wa mtaa wa maskini. Hapakuwa na mwalimu. Watoto ambao hawakuwahi kuigusa kompyuta walijifunza wenyewe kuitumia, na wakafundishana. Habari hiyo ilienea duniani kote, na kompyuta nyingine zikawekwa katika kuta za miji na vijiji vya India. Lakini watafiti waliovitembelea baadhi ya vituo hivyo baadaye waliona jambo lingine. Vingine vilikuwa vimekufa. Na mara nyingi waliokuwa wameitawala mashine ni wavulana wakubwa, wakicheza michezo, huku wasichana na wadogo wakisimama mbali.

Sisi tunaoteka maji kwenye bomba la pamoja hatuhitaji kuelezwa sana. Pasipokuwa na mtu wa kusimamia mstari, dumu la mwenye nguvu hujaa kwanza. Kitu kikiitwa cha wote na kikakosa mtunzaji, huwa cha yule mwenye kiwiko kigumu. Kwa hiyo haki ya pili ya mtoto ni haki ya zamu, na haki hiyo mtoto mdogo hawezi kujilinda nayo mwenyewe. Lazima mtu mzima amlindie.

Mfano mwingine unatoka Peru, Amerika ya Kusini. Serikali ya huko iligawa kompyuta ndogo zaidi ya 800,000 kwa watoto wa shule. Watafiti walifuatilia shule 319 za vijijini, na taarifa yao ikatoka mwaka 2012. Baada ya miezi ipatayo 15, sawa na ile ya Tanga, hawakuona kwamba watoto waliopata kompyuta wamewazidi wenzao katika hesabu au lugha. Kompyuta zilikuwapo, na watoto walizifungua. Lakini programu zilizokuwa ndani hazikufungamana na masomo ya darasa, na walimu hawakuelezwa vya kutosha wazitumie namna gani. Ulikuwa mgao: mzuri, wa gharama kubwa, lakini mgao.

Hivyo basi, kifaa kilekile kinaweza kumfanya mtoto mmoja awe mwenye mali na mwingine awe mpokeaji. Tofauti haiko katika kioo cha tableti. Iko katika maswali haya: Je, mtoto anaona kosa lake na kulisahihisha? Je, anapata zamu yake? Na je, kuna mtu anayemwuliza amejuaje?

HOFU ZA WAZAZI

Zipo hofu tatu ambazo wazazi huzitaja, na zote zinastahili jibu la heshima.

Hofu ya kwanza ni adabu. "Mtoto akizoea kujifunza mwenyewe, atatudharau sisi tusiojua." Lakini Injili ya Luka sura ya 2 inatuonyesha Yesu akiwa na miaka kumi na miwili hekaluni. Hakukaa kimya akinakili. Alikuwa akiwasikiliza walimu na kuwauliza maswali. Kisha sura hiyohiyo inasema alirudi Nazareti pamoja na wazazi wake na kuwatii. Kuuliza na kutii vilikaa katika mtoto mmoja. Mtoto anayeuliza si mtoto mkaidi. Mkaidi ni yule ambaye swali lake lilizimwa mpaka likageuka hasira.

Hofu ya pili ni uchafu unaopita katika vyombo hivi. Hofu hii ina msingi, na isipuuzwe. Lakini tutenganishe vitu viwili. Tableti ya darasa iliyowekewa masomo tu, bila intaneti, ni kama kitabu chenye sauti. Simu ya mkubwa iliyofunguliwa kila mlango, akaachiwa mtoto wa miaka saba ili anyamaze, ni jambo lingine kabisa. Tusiikataze ya kwanza huku ya pili tukiiruhusu nyumbani.

Hofu ya tatu ni kwamba mradi utakwisha. Hapa siwezi kuwatuliza kwa maneno matamu. Tangu misaada ya dunia ipunguzwe sana mwaka 2025, tumeona wenyewe mgao ukikatwa na huduma zikifungwa. Inawezekana siku moja tableti zitafungwa katika masanduku na kuondoka. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kushughulikia swali letu leo. Siku sanduku litakapoondoka, mtoto aliyekuwa akipokea tu atabaki mikono mitupu. Mtoto aliyejifunza kujifunza atabaki na mali yake, naye ataiendeleza hata kwa kijiti na mchanga.

TUFANYE NINI SISI?

Tangu mwaka 2013 UNHCR na Vodafone Foundation wamekuwa wakifungua madarasa ya tableti kwa wakimbizi, kuanzia Dadaab nchini Kenya na baadaye katika nchi nyingine, zikiwemo Tanzania na Kongo. Sanduku moja la darasa walilolibuni lina tableti 25. Tufanye hesabu. Darasa lina watoto 100, kwa hiyo kila tableti ina watoto wanne. Kipindi ni dakika 40, kwa hiyo kila mtoto ana dakika 10 za kushika. Sasa kama mvulana mmoja mwenye nguvu ataishika kwa dakika 30, wale watatu wamebaki na dakika 10 kwa pamoja, yaani dakika tatu na kidogo kila mmoja. Shirika litaandika katika taarifa yake kwamba watoto 100 wamefundishwa kwa tableti. Ukweli ni kwamba waliofundishwa ni 25. Hakuna aliyesema uongo, na hata hivyo haki imepotea katikati ya dawati.

Kwa hiyo napendekeza mambo machache, ambayo hayangoji wafadhili.

1. Zamu iwe sheria. Wazazi wanaojitolea shuleni wasimamie saa tu, hata kama hawajui kusoma. Wasichana, watoto wenye ulemavu, na wageni waliofika juzi ambao bado hawajaizoea lugha ya darasa wasiwekwe pembeni. Anayengoja zamu asikae bure: aandike kwenye kibao kile mwenzake anachokigusa.

2. Kosa lisichekwe wala lisipigwe. Mtoto akikosea, mtu mzima asikimbilie kumpa jibu. Ahesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Mara nyingi mtoto atalisahihisha mwenyewe kabla hujafika saba.

3. Tuulize "Umejuaje?" Watoto ni werevu. Wengine hugusa ovyo kila kitu mpaka kengele ya kusifu ilie, wakadhani wamesoma. Tiba yake ni swali moja. Bibi asiyejua herufi hata moja anaweza kumwuliza mjukuu: "Umejuaje kwamba hii ni 'ba'? Nionyeshe na mimi." Mtoto akimweleza bibi yake, amelimiliki somo. Akishindwa kueleza, amejua mwenyewe kwamba bado. Hili ndilo jambo la tatu katika umiliki: pamoja na haki ya kukosea na haki ya zamu, kuna wajibu wa kueleza.

4. Tutumie kilicho mikononi mwetu. Simu nyingi za kawaida zinaweza kurekodi sauti. Mrekodi mtoto akisoma mistari mitatu, kisha mwache ajisikilize. Atasikia mwenyewe alipokwama, naye ataomba kurudia. Vifuniko vya chupa vinatosha kwa kujumlisha na kutoa. Mchoro ulimtosha kijana wa Meno, na hapa kwetu mchanga wa kuchorea haukatwi na bajeti ya mtu yeyote.

5. Kila mtoto awe na ukurasa wake. Kila Ijumaa aandike, au achore, jambo moja analolijua leo ambalo wiki iliyopita hakulijua. Mwalimu asiupe alama ukurasa huo. Ni wa mtoto.

Ndugu wapendwa, sisi wakubwa tulikuja hapa tukiwa tumebeba tulichoweza kukibeba. Hatujui watoto hawa watakwenda wapi: kurudi nyumbani, kubaki hapa, au kupelekwa nchi ya mbali. Popote watakapofika wataulizwa wanajua nini, na hakuna atakayewauliza walipokea nini. Tuwalindie zamu zao, tuvumilie makosa yao, na tuwaulize maswali mengi kuliko tunavyowapa majibu.

Maswali ya kujadili katika vikundi vya nyumba kwa nyumba:
1. Ni jambo gani mtoto wako analijua ambalo hakuna mtu aliyemfundisha? Alilijuaje?
2. Katika nyumba yako, mtoto akikosea, sauti ya kwanza anayoisikia ni ipi?
3. Katika darasa la mtaa wetu, ni watoto gani ambao zamu yao huliwa na wengine? Nani atasimama upande wao?

Mungu awabariki ninyi na watoto wenu. Amina.